Rivian na bei mpya za Machi 2022: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu hasira ya wateja na wawekezaji

Majibu haya yanahusu uamuzi wa Rivian, mtengenezaji wa magari ya umeme wa Marekani, wa kupandisha bei tarehe 1 Machi 2022, pamoja na yaliyofuata miongoni mwa wateja, katika soko la hisa na mahakamani. Fedha zote zimetajwa kwa dola za Marekani. Kila jibu linaweza kusomwa peke yake. Pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa, msomaji anaelekezwa kwenye swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Ni nini hasa kilichotokea?

Tarehe 1 Machi 2022 Rivian ilitangaza bei mpya za magari yake mawili, yaani pikapu ya R1T na gari la familia la R1S, na ikasema kwamba bei hizo zingewahusu pia watu waliokuwa wamekwisha kuweka oda na waliokuwa wakisubiri zamu yao. Wateja wengi wakaanza kufuta oda. Tarehe 3 Machi mwanzilishi na mtendaji mkuu wa kampuni, RJ Scaringe, aliwaandikia wateja barua ya kuomba radhi, akatangaza kwamba kila aliyekuwa na oda kufikia tarehe 1 Machi angelipa bei ya zamani. Tarehe 7 Machi wanahisa walifungua kesi katika mahakama ya shirikisho huko California.

Kwa kuwa yote hayo yalitukia ndani ya wiki moja, watu huchanganya mfuatano wake na kudhani kwamba kampuni ilirudi nyuma kwa sababu ilishtakiwa. Haikuwa hivyo. Ilirudi nyuma kwanza, ikashtakiwa baadaye, na kesi yenyewe haikuhusu madai ya wateja hata kidogo (tazama swali la 13).

2. Rivian ni kampuni gani, na kwa nini habari hii ilivuma kiasi hicho?

Rivian ilianzishwa mwaka 2009 na hutengeneza magari yake katika mji wa Normal, jimbo la Illinois, kwenye kiwanda kilichokuwa cha Mitsubishi. Ilianza kuwakabidhi wateja R1T Septemba 2021. Tarehe 10 Novemba mwaka huohuo iliuza hisa zake kwa umma kwa mara ya kwanza kwa dola 78 kila moja na kukusanya karibu dola bilioni 12, na baada ya siku chache hisa moja ilikuwa imevuka dola 170. Kwa kipindi kifupi thamani yake sokoni ilizipita Ford na General Motors, ilhali hadi mwaka 2021 unakwisha ilikuwa imekabidhi magari 920 tu.

Takwimu hiyo ya mwisho ndiyo ya kuzingatia. Thamani ya kampuni ilisimama karibu yote juu ya foleni ya watu walioweka oda na juu ya matumaini kwamba siku moja kila gari lingeleta faida. Uamuzi wa tarehe 1 Machi uligusa foleni na matumaini hayo kwa pamoja, na kwa sababu hiyo uliwaudhi watu ambao kwa kawaida huwa na maslahi yanayokinzana.

3. Bei zilipanda kwa kiasi gani?

Bei ya kuanzia ya R1T yenye mota nne ilitoka dola 67,500 ikafika 79,500, yaani nyongeza ya dola 12,000. R1S ilitoka dola 70,000 ikafika 84,500, yaani nyongeza ya dola 14,500. Kampuni ilieleza kwamba kwa wastani R1T ilipanda kwa takriban asilimia 17 na R1S kwa takriban asilimia 20. Hizo ni bei za kuanzia. Aliyechagua betri kubwa zaidi na vikorombwezo vingine aliona jumla kubwa kuliko hiyo kwenye oda yake.

4. Kampuni ilitoa sababu gani?

Sababu iliyotolewa ni kupanda kwa gharama za vipuri na malighafi na uhaba wa chipu za kielektroniki. Sababu hiyo haikuwa ya kubuni. Mfumuko wa bei nchini Marekani ulifikia asilimia 7.9 katika mwaka ulioishia Februari 2022, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miaka 40, na watengenezaji wa magari kote duniani walikuwa wakigombania chipu zilezile.

Hata hivyo, maelezo hayo yaliacha jambo moja ambalo wachambuzi waliliona upesi. Katika robo ya mwisho ya mwaka 2021 Rivian ilipata mapato ya dola milioni 54 na hasara ghafi (mapato ukitoa gharama za kutengeneza magari yenyewe) ya dola milioni 383. Sehemu kubwa ya pengo hilo ilitokana na kiwanda kipya chenye gharama zote za kiwanda kikubwa lakini kinachotoa magari machache, na jambo hilo ni la kawaida kwa kampuni changa. Swali gumu lilikuwa kama gharama za vifaa vya gari moja peke yake zilikuwa tayari zimeipita bei ambayo mteja alikuwa ameahidiwa. Ikiwa ndivyo, kuongeza uzalishaji tu kusingeziba pengo. Ilikuwa lazima ama gharama zishuke ama bei ipande. Swali hilo ndilo lililokuja kuwa kiini cha kesi.

## Wateja

5. Bei za magari yote zilikuwa zikipanda. Kwa nini wateja wa Rivian ndio waliokasirika hivyo?

Kwa sababu hawakupinga bei kupanda. Walipinga bei yao kupanda. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini bila hiyo tukio zima halieleweki. Mtu anayeingia dukani leo na kukuta bei imeongezeka anaweza kununa, kisha akanunua au akaondoka. Mteja wa Rivian alikuwa ametoa amana, amechagua rangi, magurudumu na ukubwa wa betri, amepewa jumla ya fedha atakayolipa, kisha akasubiri, wengine kwa zaidi ya miaka miwili, huku tarehe ya kukabidhiwa gari ikisogezwa mbele na kampuni. Kucheleweshwa hakukuwa kosa lake, lakini ndiko kulikomfikisha Machi 2022 akiwa bado foleni. Kumwongezea dola 12,000 kwa sababu ya kusubiri kulionekana kama kumwadhibu kwa uvumilivu wake.

Upo pia ushahidi wa namba kwamba kiwango cha bei hakikuwa kiini cha hasira. Mei 2022 Rivian iliripoti kwamba tangu tarehe 1 Machi ilikuwa imepokea zaidi ya oda 10,000 mpya kwa bei za juu, na kwamba wastani wa thamani ya oda hizo ulizidi dola 93,000. Walikuwepo, basi, wanunuzi wa kutosha walioiona bei mpya kuwa ya haki. Hawakuwa wamewahi kuahidiwa nyingine.

6. Amana ya dola 1,000 haikuwa mkataba wa kununua gari kwa bei maalumu?

Kwa kawaida amana ya namna hii humpa mteja nafasi katika foleni na haki ya kurudishiwa fedha zake akighairi, basi. Mkataba wa mauzo, unaoibana kampuni kwenye bei, hutiwa saini baadaye gari linapokaribia kuwa tayari. Amana ya Rivian ilikuwa ya kurudishwa yote, na mteja hakulazimika kununua. Kwa mtazamo wa sheria, asiyejifunga kununua ana hoja dhaifu anapodai kwamba mwenzake amejifunga kuuza.

Hata hivyo, ni muhimu kuona kwamba Scaringe hakuitumia hoja hiyo katika barua yake. Alikiri kwamba kampuni haikutambua jinsi wateja walivyouchukulia uchaguzi wao wa gari kuwa ni bei iliyofungwa, na akaandika kwamba katika makosa yote aliyoyafanya tangu aanzishe kampuni, hilo ndilo lililomuuma zaidi. Kwa maoni ya mwandishi wa majibu haya, hapo alisoma hali vizuri kuliko mawakili wengi ambavyo wangeisoma: ukurasa unaomwonyesha mtu jumla ya dola, kisha ukachukua amana yake, umetoa ahadi machoni pa msomaji wa kawaida, hata kama maandishi madogo yaliyo chini yake yanasema vingine.

Anayeweka oda ya gari lolote ambalo bado halijatengenezwa anashauriwa kutafuta mambo mawili katika masharti kabla ya kulipa: kama bei imefungwa na kuanzia hatua gani, na kama amana inarudishwa yote au sehemu tu. Maneno ya muuzaji kwa mdomo hayachukui nafasi ya masharti hayo.

7. Kampuni ilitoa pia toleo jipya lenye bei karibu na ile ya zamani. Kwa nini halikuwatuliza wateja?

Siku ileile Rivian ilitangaza magari yenye mota mbili badala ya nne, pamoja na betri ndogo zaidi. R1T ya namna hiyo ingeanzia dola 67,500, bei ileile ya zamani, na R1S dola 72,500. Kwenye karatasi, basi, aliyekuwa na bajeti ya awali bado alikuwa na gari la kununua.

Tatizo lilikuwa kwamba magari hayo yangepatikana mwaka 2024. Mteja aliyesubiri tangu 2019 aliambiwa, kwa maana halisi, kwamba kwa fedha zilezile angepata mota chache zaidi, betri ndogo zaidi na miaka miwili zaidi ya kungoja. Kutangaza toleo hilo sambamba na kupandisha bei kuliongeza hasira badala ya kuipunguza. Kama lingetangazwa peke yake, miezi michache kabla au baada, huenda wengi wangelipokea kama habari njema.

8. Baada ya barua ya tarehe 3 Machi, nani alilipa bei gani?

Aliyekuwa na oda kufikia tarehe 1 Machi 2022 alibaki na bei ya zamani kwa gari alilokuwa amelichagua. Aliyeweka oda baada ya tangazo alilipa bei mpya. Bei mpya hazikufutwa. Kilichofutwa ni kuwatoza waliokuwa tayari kwenye foleni.

9. Na aliyefuta oda yake kwa hasira kati ya tarehe 1 na 3 Machi?

Aliruhusiwa kuirejesha, kwa bei yake ya zamani na bila kupoteza nafasi yake.

## Wawekezaji

10. Kupandisha bei huongeza mapato. Kwa nini basi wawekezaji nao walikasirika?

Swali hili linaulizwa sana, na linastahili jibu la taratibu, kwa kuwa wawekezaji hawakuwa na sababu moja.

Kundi la kwanza liliona katika tangazo lenyewe taarifa ambayo halikuwa nayo. Kampuni iliyouza hisa mwezi Novemba, kisha ikahitaji nyongeza ya asilimia 17 hadi 20 kufikia Machi, inawaambia wenye hisa kwamba hesabu za gharama zilizokuwa nyuma ya bei za zamani hazikusimama. Hata kama nyongeza ingeleta fedha, habari iliyobebwa nayo ilikuwa mbaya.

Kundi la pili liliogopa kwa ajili ya foleni. Oda zilikuwa ushahidi mkuu wa kampuni kwamba gari lake linatakiwa, na kila oda iliyofutwa ilipunguza uzito wa ushahidi huo.

Kundi la tatu lilikasirishwa na kurudi nyuma. Wawekezaji hawa waliona kwamba nyongeza ilikuwa ya lazima, na kwamba kuiondoa kwa makumi ya maelfu ya wateja kulimaanisha kuendelea kutengeneza magari kwa hasara hadi foleni ya zamani iishe. Hawakuwa na ubishi na wateja juu ya haki. Walikuwa wakitazama daftari.

Ndiyo maana hakukuwa na hatua ambayo ingewaridhisha wote baada ya tarehe 1 Machi. Njia ambayo pengine ingefanya kazi, yaani kupandisha bei kwa oda mpya pekee na kulieleza soko mapema kwamba oda za zamani zitauzwa kwa hasara, ilikuwepo kabla ya tarehe hiyo na si baada yake.

11. Je, hisa zilianguka kwa sababu ya bei peke yake?

Hapana, na anayesema hivyo anarahisisha mno. Hisa za Rivian zilikuwa zimekwisha kushuka chini ya dola 78 tangu Januari 2022. Mwanzoni mwa mwaka huo wawekezaji walikuwa wakikimbia kampuni changa zisizo na faida kwa kutarajia riba kupanda, na vita vya Ukraine vilivyoanza tarehe 24 Februari viliongeza hofu kuhusu nikeli na malighafi nyingine za betri. Tarehe 8 Machi soko la metali la London lilisimamisha biashara ya nikeli baada ya bei kuvuka dola 100,000 kwa tani.

Kisha, tarehe 10 Machi, Rivian ilitangaza kwamba kwa mwaka 2022 ilitarajia kutengeneza magari 25,000, nusu ya yale ambayo ingeweza kutengeneza kama vipuri vingepatikana. Kufikia hapo hisa ilikuwa chini ya dola 50. Suala la bei lilichangia mteremko huo kwa dhahiri, lakini kutenganisha mchango wake na wa mambo mengine ni kazi ngumu, na katika kesi za hisa wanasheria na wachumi hulipwa vizuri kwa kubishania hilo tu.

12. Kurudi nyuma kuliigharimu kampuni kiasi gani?

Hesabu ya haraka inatoa ukubwa wa jambo. Kufikia katikati ya Desemba 2021 Rivian ilikuwa imetangaza oda zipatazo 71,000. Kama zote zingegeuka kuwa mauzo, na kama kila gari lingeuzwa kwa dola 12,000 pungufu ya bei mpya, mapato yaliyoachwa yangekaribia dola milioni 850. Hicho ni kikomo cha juu kwa idadi hiyo ya oda za R1T, kwa kuwa si kila mwenye oda hununua. Kwa upande mwingine nyongeza ya R1S ilikuwa kubwa zaidi.

Gharama haikuja kwa mkupuo. Rivian ilitengeneza magari 24,337 mwaka 2022 na kukabidhi 20,332, pamoja na magari ya mizigo ya Amazon, kwa hiyo foleni ya bei ya zamani ilichukua muda mrefu kumalizika. Zaidi ya hayo, kanuni za uhasibu humtaka mtengenezaji ashushe thamani ya bidhaa na vipuri vilivyo ghalani iwapo gharama ya kukamilisha gari inazidi bei litakalouzwa. Kadiri oda za zamani zilivyoendelea kuwepo, ndivyo hasara hizo zilivyoendelea kuonekana katika taarifa za robo mwaka.

13. Kesi ya wanahisa ilihusu nini?

Ilihusu kilichosemwa na kisichosemwa wakati wa kuuza hisa Novemba 2021. Sheria ya hisa ya Marekani ya mwaka 1933 inaiwajibisha kampuni iwapo nyaraka za kuuza hisa kwa umma zina maelezo ya uongo au zimeacha jambo muhimu. Walalamikaji walidai kwamba Rivian ilijua tayari kuwa gharama za vifaa vya R1T na R1S zilizidi bei zilizotangazwa, na kwamba ingelazimika kupandisha bei muda mfupi baada ya kuorodheshwa, lakini haikuwaeleza wanunuzi wa hisa. Kwa mtazamo huo, tangazo la tarehe 1 Machi halikuwa kosa lenyewe. Lilikuwa ndipo jambo lililofichwa lilipojitokeza.

Dai hilo lilipata nguvu kutokana na jambo lililokuwa limetangulia. Mapema Novemba 2021, siku chache kabla ya hisa kuuzwa, aliyekuwa kiongozi wa mauzo na masoko wa Rivian alikuwa ameishtaki kampuni kwa ubaguzi wa kijinsia, na miongoni mwa madai yake alieleza kwamba aliwahi kuonya kuwa bei za magari zilihitaji kupandishwa.

14. Kesi hiyo iliishaje, na inamhusu nani?

Mwaka 2023 jaji aliyatupa madai kama yalivyokuwa yameandikwa awali, akaruhusu yarekebishwe, kisha akayaacha yaendelee. Mwaka 2024 iliidhinishwa kuwa kesi ya pamoja, yaani kwa niaba ya kundi zima la wanahisa. Oktoba 2025 Rivian ilikubali kulipa dola milioni 250 ili kuimaliza, dola milioni 67 zikitoka kwenye bima ya wakurugenzi na maofisa na milioni 183 kwenye fedha za kampuni. Ilikana madai na haikukiri kosa.

Kundi lililohusika ni walionunua hisa kati ya tarehe 10 Novemba 2021 na tarehe 10 Machi 2022 na wakapata hasara. Aliyenunua baadaye, hata kama hisa zake zimeshuka sana, hamo. Mteja asiye na hisa hamo pia, hata kama alipandishiwa bei na kufuta oda.

15. Je, mtu aliweza kuwa mteja na mwanahisa kwa wakati mmoja?

Ndiyo, na hawa ni kundi linalosahauliwa. Katika uuzaji wa Novemba 2021 Rivian ilitenga sehemu ya hisa kwa ajili ya watu waliokuwa na oda nchini Marekani, ambao waliweza kununua kwa bei ileile ya dola 78 waliyouziwa wawekezaji wakubwa. Nia ilikuwa kuwageuza wateja kuwa washirika. Matokeo yake, tarehe 1 Machi baadhi yao waliongezewa bei ya gari asubuhi na kuona hisa zao zikishuka mchana. Barua ya Scaringe iliwarudishia bei ya gari. Kuhusu hisa, walibaki katika hali moja na wanahisa wengine (swali la 14).

16. Amazon na Ford ziliathirikaje?

Zote zilikuwa na hisa nyingi za Rivian, na kanuni za uhasibu zilizitaka zioneshe mabadiliko ya thamani katika kila robo mwaka. Kwa robo ya kwanza ya 2022 Amazon iliandika hasara ya dola bilioni 7.6 kabla ya kodi kutokana na hisa hizo, na Ford dola bilioni 5.4. Hasara hizo zilikuwa za kitabuni, yaani thamani ya hisa ilishuka kwenye hesabu bila fedha kutoka mfukoni, na zilifuata mteremko wa miezi mitatu yote, si wa wiki ya bei pekee. Mei 2022 Ford ilianza kuuza sehemu ya hisa zake. Oda ya Amazon ya magari 100,000 ya kusambazia mizigo ilikuwa mkataba tofauti, na tangazo la tarehe 1 Machi halikuigusa.

## Mambo ya pembeni na kampuni nyingine

17. Kampuni nyingine zilifanyaje zilipopandisha bei?

Waliofuata mwaka huohuo walijifunza upesi. Lucid ilipopandisha bei kuanzia tarehe 1 Juni 2022 iliwaachia bei ya zamani waliokuwa na nafasi kabla ya hapo. General Motors iliongeza dola 6,250 kwenye Hummer ya umeme mwezi Juni, kwa wanaoweka nafasi kuanzia tarehe 18 tu. Agosti Ford ilipandisha F-150 Lightning ya bei ya chini kabisa kutoka dola 39,974 hadi 46,974, nyongeza ya asilimia kubwa karibu sawa na ya Rivian, lakini waliokuwa na oda zinazosubiri gari hawakuguswa, na kelele zilikuwa kidogo.

Cybertruck ya Tesla ni kisa cha namna nyingine. Ilitangazwa Novemba 2019 kwa dola 39,900 na amana ya dola 100. Magari yalipoanza kutolewa Novemba 2023, toleo la bei ya chini lilitajwa kwa dola 60,990. Malalamiko yalikuwepo, lakini kwa kuwa amana ilikuwa ndogo, mteja hakuwa amefunga uchaguzi kamili wa gari, na bei ilikuwa imeondolewa kwenye tovuti muda mrefu kabla, wachache walijiona wamevunjiwa ahadi.

18. Na bei ikishuka, kila mtu hufurahi?

La. Januari 2023 Tesla ilishusha bei katika nchi nyingi, nchini Marekani kwa hadi asilimia 20 kwa baadhi ya matoleo. Nchini China wateja waliokuwa wamenunua wiki chache kabla walikusanyika kwenye vituo vya mauzo vya kampuni huko Shanghai, Chengdu na kwingineko wakidai fidia. Wao walikuwa na mkataba uliokamilika na gari mkononi, kwa hiyo hoja yao ya kisheria ilikuwa dhaifu hata kuliko ya wenye oda za Rivian.

19. Bei mpya ziliathiri nafuu ya kodi ya serikali?

Kwa baadhi ya wanunuzi, ndiyo, ingawa hilo halikujulikana mwezi Machi. Sheria iliyotiwa saini tarehe 16 Agosti 2022 iliweka kikomo cha dola 80,000 kwa pikapu na magari makubwa ya familia yatakayostahili nafuu ya hadi dola 7,500 kuanzia mwaka 2023, pamoja na kikomo cha kipato cha mnunuzi. R1T ya dola 79,500 ingevuka kikomo kwa kuongezewa karibu kikorombwezo chochote, na R1S ya dola 84,500 ilikuwa imekwisha kukivuka. Mwenye oda ya zamani alikuwa na nafasi ya kubaki chini yake. Bei iliyorudishwa kwa barua ya tarehe 3 Machi ikawa na thamani kubwa kuliko ilivyoonekana siku ile.

20. Je, Rivian hatimaye ilianza kuuza magari bila hasara?

Robo ya kwanza kuwa na faida ghafi ilikuwa ya mwisho ya mwaka 2024, ilipopata dola milioni 170. Faida ghafi haijumuishi gharama za utafiti na utawala, kwa hiyo kampuni kwa jumla iliendelea kupata hasara.

21. Wateja waliacha kuweka oda kwa kampuni hii baada ya tukio hilo?

Hapana. Rivian ilipozindua R2, gari dogo zaidi lililotajwa kuanzia takriban dola 45,000, tarehe 7 Machi 2024, ilipokea oda zaidi ya 68,000 katika muda usiofika saa 24. Amana safari hiyo ilikuwa dola 100, na inarudishwa. Kuhusu kama amana hiyo inafunga bei, tazama swali la 6.